Adui au Mwandani? Historia Fupi ya Utambuzi wa Kuvu katika Mizizi ya Mimea

Mwaka 1885, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliunda istilahi ya mikoriza, yaani kuvu na mzizi vilivyoungana. Serikali ya Prusia ilikuwa imemtaka achunguze namna ya kustawisha uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi. Katika uchunguzi huo alikuta mizizi ya miti ya msituni imevikwa kuvu, ilhali miti yenyewe ina afya, akadai kuwa kuvu hizo huilisha miti. Wanasayansi wengi wa zama zake walimpinga, kwani walizoea kuiona kuvu iingiayo mzizini kuwa ni ugonjwa. Makala hii inatoa hoja kwamba kosa hilo la kuhukumu mapema lilijirudia katika karne iliyofuata, na kwamba linazihusu sera zetu za kilimo.

Mwaka 1966, watafiti nchini Marekani walitenga kutoka mizizi ya pamba kemikali waliyoiita strigoli. Kemikali hiyo huotesha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mahindi na mtama katika Afrika Mashariki. Hapo lilizuka fumbo: kwa nini mmea umwite adui? Jibu lilichelewa kwa takriban miaka 40. Mwaka 2005, watafiti wa Japani walionyesha kuwa kemikali za jamii hiyo, strigolaktoni, huzichochea nyuzi za kuvu za mikoriza kutoa matawi karibu na mzizi. Wito ulikuwa wa rafiki, kiduha kiliudukiza.

Je, mzizi humtambuaje aliyeitikia? Kuvu njema na mbaya zote zina kaitini katika kuta zao. Vipande virefu vya kaitini, kama vile vya viungo 8 vya sukari, huamsha kinga kwa nguvu. Vifupi, vya viungo 4 au 5, huelekea kuamsha mapokezi. Hata hivyo, mwaka 2014 ilibainishwa kuwa mpunga hutumia kipokezi kimoja, CERK1, katika kazi zote mbili. Uamuzi hutegemea vipokezi vinavyoshirikiana nacho, na pia hali ya mmea: ukikosa fosfati huongeza wito, ukishiba huupunguza na kuizuia kuvu isiingie.

Basi mzizi hauna mlango wa rafiki na mwingine wa adui. Mlango ni mmoja, na bawabu husikiliza kwa makini. Kwa watunga sera, funzo ni mawili. Kwanza, mbegu za mtama zilizobadilishwa strigolaktoni ili kukinza kiduha zipimwe pia uwezo wake wa kupokea mikoriza. Pili, mbolea ya fosfati itolewe kwa kufuata vipimo vya udongo. Ikizidi, hufukuza mwandani. Ikikosekana, mzizi huita kwa sauti kubwa zaidi, na kiduha husikia.