Diski za Ziada katika Nyanda za Juu za Kigoma

Kompyuta zilienea Kibondo na Kasulu kabla ya gridi ya taifa kufika, na kilichozileta huko ni wakimbizi au, kwa usahihi zaidi, mashirika yaliyokuja kuwahudumia. Kuanzia Oktoba 1993 Warundi waliovuka mpaka walijaza kambi za wilaya hizo mbili, wakafuatwa na Wakongo, ambao kambi yao ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwishoni mwa mwaka 1996, na kila ofisi iliyoandikisha watu hao na mgao wao wa chakula ilihitaji mahali pa kuhifadhi majina. Nchi yenyewe ilikuwa bado ngeni katika jambo hilo, kwani, ingawa Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo mwaka 1974, na hata baada ya amri hiyo kulegezwa, zilizoingia ziliishia zaidi Dar es Salaam na katika miji mingine mikubwa.

Mashine za ofisi hazidumu ofisini. Ofisi zinapobadilisha vifaa au kufungwa, kama ilivyokuwa kwa zile zilizotegemea kambi ya Mtabila, iliyofungwa Desemba 2012, kompyuta za mezani zilizochoka hupata wenyewe wapya, nazo zikichanganyika na za mtumba kutoka Dar es Salaam huishia kwenye maduka ya stesheneri, ambako barua huchapwa, vyeti hutolewa nakala na, kwa miaka mingi, nyimbo na filamu ziliwekwa kwenye flashi na memori kadi za wateja.

Ni kazi hii ya mwisho iliyoifanya diski ya ziada kuwa mtaji. Diski kuu, yaani chombo chenye sahani za sumaku zinazozunguka na kuhifadhi kumbukumbu hata umeme ukizimwa, ilikuwa ndogo katika mashine za miaka ya mwanzo ya 2000: gigabaiti 40 zilikuwa jambo la kawaida, na filamu moja iliyobanwa ilichukua takribani megabaiti 700, hivyo hamsini na kitu tu ziliijaza. Kupakua nyingine kutoka intaneti hakukuwezekana kibiashara, kwa sababu kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kutia nanga Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano ya bara yalitegemea madishi ya setilaiti, ya polepole na ya gharama kubwa. Mwenye duka alilazimika kuwa na ghala lake mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuiruhusu biashara hiyo, na stempu za kodi za kazi za filamu na muziki zilizoanzishwa mwaka 2013 zilibandikwa kwenye CD na DVD, si kwenye faili linalohamia kimyakimya katika simu. Msanii, ni wazi, hakupata kitu.

Kuongeza diski kulikuwa na masharti yake. Mashine za zamani zilitumia waya bapa wenye matundu 40, uliobeba vifaa viwili na si zaidi, na kwa kuwa ubao mkuu ulikuwa na nafasi mbili za waya huo, jumla ilikuwa vifaa vinne, kimojawapo kikiwa kisomaji cha CD. Ili diski mbili za waya mmoja zisigongane, fundi alihamisha kifuniko kidogo cha plastiki kutoka jozi moja ya pini hadi nyingine nyuma ya diski, akifuata mchoro uliobandikwa juu yake. Kikianguka sakafuni, kazi ilisimama. Kulikuwa pia na ukuta usioonekana: mashine zilizohesabu vipande vya diski kwa tarakimu 28 za mfumo wa mbili zilikomea gigabaiti 137, hivyo mnunuzi wa diski ya gigabaiti 160 alilipia nafasi ambayo kompyuta yake haikuiona. Mfumo wa SATA, ulioingia sokoni mwaka 2003, uliipa kila diski waya wake mwembamba na kuondoa suala la pini.

Lakini kikwazo kikubwa nyanda hizi kilikuwa umeme. Diski ya mezani inapoanza kuzunguka hudai wati 25 hivi kwa sekunde chache kabla ya kushuka chini ya 10, kwa hiyo nne zikiamka pamoja kwenye pawa saplai ya wati 200 iliyojaa vumbi jekundu, mashine huweza kujizima kabla hata ya kuwaka. Miji ya Kibondo na Kasulu ilihudumiwa na jenereta za dizeli za shirika la umeme, TANESCO, na umeme ulipokatika duka lilihamia jenereta ndogo, ambayo volti zake hupanda na kushuka; kukatika kwa ghafla wakati wa kuandika huharibu orodha ya mafaili, na mvua zinapoanza Novemba huja na radi. Fundi mwangalifu aliweka nakala ya kazi zinazouzika kwenye diski ya pili, akaichomoa na kuitia kabatini, jambo ambalo wenye haraka walilidharau hadi diski ilipoanza kugongagonga.

Gridi ya taifa ilifika mwaka 2022. Wakati huo wateja wengi walikuwa wameshahamia kwenye simu zao wenyewe.