Windows ya mama na safari ndefu kutoka DOS
Leo naandika kutoka nyumbani Lushoto. Mama ana kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Windows 10, na msaada wake wa kawaida Microsoft waliufunga Oktoba 14, 2025. Windows 11 haiingii, inadai prosesa mpya zaidi na chipu ya TPM 2.0. Sasa tuitupe?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya ile ya Wizara ya Fedha kuleta hasara. Kwa hiyo MS-DOS ilipotoka 1981, kile kioo cheusi cha kuandikia amri, wazazi wetu huku milimani hawakukiona. Wengi walidandia katikati ya safari: Windows 95 na kitufe chake cha Start, kisha XP ya 2001, ing'ang'anizi kweli, iliyosaidiwa hadi Aprili 2014.

Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Si mfumo endeshi, najua, lakini menyu zilisema "Hariri"! (Kishambaa tutasubiri.) Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, Linux ya bure kabisa.

Jana usiku nimemwekea mama hiyo Ubuntu. Modemu imekubali, printa imegoma. Na Jumatatu darasa la nne wana mtihani, ambao haujachapwa.