Kanga na Jina Lililohamishwa

Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alimworodhesha kanga kwa jina la Phasianus meleagris, akimweka jenasi moja na fezanti wa Asia. Baadaye alimpa jenasi yake, Numida, yaani Mnumidia, kwa kukumbuka nchi ya kale ya Afrika Kaskazini. Ajabu ni kwamba meleagris ndilo jina ambalo Wagiriki wa kale walimwita kanga mwenyewe. Lakini Linnaeus, katika kitabu kile kile, alilifanya Meleagris kuwa jenasi ya bata mzinga, ndege wa bara la Amerika ambaye Wagiriki hao hawakupata kumwona. Kwa kuwa kanuni hulilinda jina lililotangulia, kosa limedumu. Tusicheke upesi: bata mzinga naye si bata.

Hata hivyo Kiswahili humtenga kororo, mwenye kishungi cha manyoya, na kanga, mwenye pembe utosini, kama vile sayansi itenganishavyo Guttera na Numida. Mtunga kamusi anayetosheka kuandika “kororo: aina ya kanga” anaifuta tofauti ambayo wasemaji wenyewe wameihifadhi.