Karatasi za Mauziano na Historia ya Kiwalani

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hupima urithi kwa kalenda. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa pia. Kwa kipimo hicho Kiwalani, kata ya Dar es Salaam, haina lake. Waziri anaweza kutangaza mahali pengine kuwa kumbukumbu, lakini ni nani atakayeiombea kata ambayo wapanga miji wamezoea kuiita makazi holela? Hoja yangu ni kwamba Kiwalani ina urithi mkubwa, nao umo makabatini na chini ya magodoro ya wakazi wake: karatasi za mauziano ya ardhi.

Kwamba Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, ikakuzwa na Wajerumani, kisha ikagawanywa kwa kanda na Waingereza, hakuna anayebisha. Ubishi wangu ni juu ya viunga. Mkusanyiko wa Brennan, Burton na Lawi (2007), ambao kila mwanafunzi wa historia ya jiji hili huanza nao, umeelemea katikati ya mji. Leslie, ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 1963, aliwatazama watu wa pembezoni kwa karibu, ila kwa jicho la afisa wa utawala. Wataalamu wa ardhi, hasa Kironde na Kombe, wamekwisha kuonyesha kwamba viwanja vya makazi yaitwayo holela kwa sehemu kubwa vilinunuliwa, havikuvamiwa. Wanahistoria wamelisikia hilo na kulipita, kana kwamba mauziano ni jambo la wanasheria peke yao.

Basi tuitazame karatasi yenyewe. Mara nyingi ni ukurasa wa daftari la shule, umekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kukatika. Muuzaji hujitaja, humtaja mnunuzi, kisha hueleza anachouza: kwenye karatasi za zamani, shamba na idadi ya minazi, miembe na mikorosho iliyomo, kwenye za baadaye, kiwanja kilichopimwa kwa hatua. Hufuata mipaka minne, na kila mpaka ni jirani kwa jina lake, au bonde, au njia. Chini wapo mashahidi, mjumbe wa nyumba kumi, na dole gumba la asiyejua kuandika. Bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

Sijui waraka mwingine unaobeba mengi kiasi hicho. Katika mila za Uzaramo, mti wa kudumu ulikuwa ushahidi wa haki ya aliyeupanda, hata kama ardhi ilikuwa na mwenyewe; ndiyo maana minazi inahesabiwa kabla ya udongo. Pale hesabu ya miti inapokoma na hesabu ya hatua inapoanza, hapo ndipo shamba limegeuka mtaa. Karatasi za familia chache zikipangwa kwa miaka, zitaonyesha namna uwanja wa ndege wa Kipawa wa mwaka 1954, viwanda vya Barabara ya Pugu na reli ya TAZARA ya miaka ya 1970 vilivyowavuta wapangaji na wanunuzi kutoka mikoa ya mbali. Majina ya majirani pekee yanatosha kuonyesha mji ukiingia shambani.

Itasemwa kwamba karatasi hizi hudanganya: kiwanja kimoja huuzwa mara mbili, sahihi hughushiwa. Ni kweli. Lakini hati ya kughushi huiga ile ambayo watu wanaiamini, kwa hiyo hata uongo wake unatufundisha nini kilihesabiwa kuwa haki.

Wengine watasema haya ni mambo ya nyumbani kwa watu. Mohamed Said alipoandika maisha ya Abdulwahid Sykes (1998), alitegemea nyaraka za familia, na masimulizi rasmi ya kuzaliwa kwa TANU yakalazimika kujibu. Kiwalani inastahili jicho hilohilo.

Haraka yangu ina sababu. Wakazi wa Kipawa na Kigilagila walifanyiwa uthamini mwaka 1997 ili kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na wengi walisubiri fidia kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kutawanyika. Mnazi ulikuwa na bei yake kwenye fomu ya mthamini. Kaburi lina sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969. Karatasi ya mauziano haikuwa na chochote. Ilithibitisha umiliki, ikamaliza kazi. Leseni za makazi zilizoanza kutolewa mwaka 2004, na urasimishaji wa makazi unaoendelea, zinaiweka katika hatari ileile, kwa kuwa mwenye hati mpya hana sababu ya kutunza ukurasa wa daftari.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeunda idara ya taifa yenye wajibu wa kuhifadhi. Kila ofisi ya urasimishaji inayopokea karatasi ya mauziano kama ushahidi ipige nakala yake, kwa ridhaa ya mwenyewe, na kuipeleka huko kabla hati haijatolewa. Kwa akiba hiyo, historia ya Dar es Salaam inaweza kuandikwa upya kuanzia mashambani kuelekea bandarini.