Chaja ya betri ya tochi: soma volti kwanza

Msikilizaji, ile betri nene ya lithiamu ya tochi, iliyoandikwa 18650, ni ya volti 3.7. Ikijaa hufika volti 4.2, na hapo chaja lazima ikate umeme yenyewe. Ndiyo maana kuiunganisha kwa nyaya na chaja ya betri ya gari, inayotoa zaidi ya volti 12, ni kuita moto. Nunua chaja iliyoandikwa lithiamu, volti 4.2.

Tazama pia ampea. Betri ya mAh 2,000 kwenye chaja ya ampea 1 hujaa kwa saa mbili na ushee, inatosha. (Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, umedanganywa. Hakuna inayofika hata nusu.)

Chajia juu ya saruji, mbali na godoro, chandarua na nyasi za paa. Najua kwingine umeme hurudi usiku wa manane, lakini usiiache ukalala. Betri iliyobonyea, inayovuja au iliyochanika ganda usiichaji tena, wala usiitupe jikoni. Ikianza kufuka moshi, toa watoto nje kwanza: moshi huo ni sumu.