Mji Ulioazima Jina Kutoka kwa Riwaya

Wasee, ukiskia neno "Shangri-La" unafikiria nini? Wengi watasema hoteli. Ni kweli, kuna kampuni ya hoteli yenye jina hilo, ilianzia Singapore mwaka wa 1971. Lakini pia kuna mji mzima huko China, juu kabisa milimani, unaoitwa hivyo kwenye ramani ya serikali. Na hilo jina si la mababu zao. Walilichukua mwaka wa 2001 kutoka kwa riwaya ya Mwingereza ambaye hakuwahi kukanyaga hapo hata siku moja.

Najua inachekesha. Lakini ukiifuata hii stori hadi mwisho utapata doo, dini na moto.

Tuanze kabla ya hilo jina. Mji uko kaskazini magharibi mwa mkoa wa Yunnan, mahali Watibeti wameishi kwa karne nyingi. Wao wanauita Gyalthang. Wachina waliuita Zhongdian. Uko mita kama 3,300 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Nairobi, kwa hivyo mgeni akipanda ngazi kidogo tu anaanza kuhema. Chai ya huko inatiwa siagi na chumvi, na siagi yenyewe inatoka kwa maziwa ya yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu. Ukizoea yetu ya maziwa na sukari utashtuka, lakini kwa baridi ya huko inaeleweka.

Na hawa watu hawakuwa wamejificha mahali. Gyalthang ilikuwa kwenye njia kubwa ya biashara: chai ilitoka kusini mwa Yunnan ikipanda kuelekea Lhasa, na farasi wa Tibet walishuka. Mji mkongwe wa Dukezong, ambao ndio kiini cha mahali hapa, ulikuwa kituo cha misafara hiyo. Mwaka wa 1679, wakati wa Dalai Lama wa Tano, ilianzishwa monasteri ya Songzanlin, ambayo ndiyo kubwa zaidi ya Wabudha wa Kitibeti katika Yunnan nzima. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao iliharibiwa vibaya, kisha miaka ya 1980 watu wakaanza kuijenga tena. Leo ukisimama mbali unaona mapaa ya dhahabu yamepanda mlima, na watawa bado wanaishi na kusali humo.

Sasa riwaya inaingia wapi?

Mwaka wa 1933 James Hilton alichapisha Lost Horizon. Ndani yake ndege inatekwa, na abiria wanne wanajikuta kwenye bonde la siri nyuma ya milima ya theluji. Hakuna vita, hakuna haraka, na watu wanazeeka polepole sana. Hilo bonde akaliita Shangri-La. Wasomaji wengi wanaona jina hilo linafanana na Shambhala, ufalme uliofichika ambao Wabudha wa Tibet wamekuwa wakiusimulia tangu zamani. Kitabu kikauzika vibaya sana. Frank Capra akakigeuza filamu mwaka wa 1937, na mwaka wa 1942 Rais Roosevelt wa Marekani akaita nyumba yake ya mapumziko Shangri-La. Ndiyo ile leo inaitwa Camp David.

Lakini hebu angalia ni nani mkubwa kwenye hilo bonde. Kiongozi wa monasteri si Mtibeti. Ni padri aliyetoka Luxembourg! Watibeti wenyewe wako chini bondeni wakilima na kubeba mizigo. Hata hiyo siri ya kuishi miaka mingi, kitabu kinasema inawakubali Wazungu vizuri kuliko Watibeti. Manze, umewekwa kwenye paradiso iliyojengwa nyumbani kwako, halafu unapewa kazi ya kuhudumia wageni.

Kwa hivyo kwa nini mji wa Watibeti ukubali jina kama hilo? Kwa sababu ya njaa, tuseme ukweli. Uchumi wa eneo hilo ulikuwa umesimama juu ya mbao. Mwaka wa 1998 mto Yangtze ulifurika vibaya, serikali ikaona misitu ya juu imekatwa sana, na ukataji wa miti ukapigwa marufuku. Pesa ya mbao ikaisha hivyo. Uwanja wa ndege ukafunguliwa mwaka wa 1999. Tayari mwaka wa 1997 mkoa ulikuwa umetangaza kwamba Shangri-La "imepatikana" hapo. Miji mingine nayo ilikuwa ikidai jina hilo hilo, lakini Desemba 2001 Beijing ikaidhinisha: Zhongdian sasa ni Shangri-La.

Mimi siwalaumu. Sikumaliza chuo, na sihitaji digrii kujua kwamba mtu akifungiwa kazi moja anatafuta nyingine. Na jina lilifanya kazi. Watalii walikuja, hoteli zikajengwa, na juu ya kilima cha Dukezong likasimamishwa gurudumu la maombi la dhahabu lenye urefu wa mita 21. Ni zito hadi mtu mmoja hawezi kulizungusha. Wenyeji na wageni wanashika pamoja na kusukuma, na kusema kweli hilo napenda.

Shida ni kwamba ukiuza mahali kama ndoto, lazima paendelee kufanana na hiyo ndoto. Ndani ya Dukezong nyumba nyingi za zamani za mbao ziligeuzwa kuwa nyumba za wageni, baa na maduka, nyingi zikiendeshwa na watu waliotoka nje. Usiku wa tarehe 11 Januari 2014, hita kwenye nyumba moja ya wageni iliwasha moto. Vichochoro vilikuwa vyembamba, magari ya zimamoto yakashindwa kuingia. Mabomba ya kuzimia moto yalikuwepo, lakini maji yalikuwa yamefungwa ili yasigande kwa baridi. Moto uliwaka kwa saa nyingi na nyumba zaidi ya 240 zikaungua. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Baadaye wakajenga tena kwa mtindo wa zamani, na tangu Novemba 2023 kuna hadi treni kutoka Lijiang.

Sasa niwape upande wa pili, ambao hausimuliwi sana. Kwenye jimbo hilo hilo la Diqing kuna mlima unaitwa Kawagebo, mita 6,740. Kwa Wabudha wa Kitibeti ni mtakatifu. Mahujaji wanauzunguka kwa miguu, siku baada ya siku, na hawapandi kileleni. Januari 1991 wapandaji 17, Wachina na Wajapani, walijaribu na wakafa kwenye maporomoko ya theluji. Wenyeji walikuwa wamepinga hiyo safari tangu mwanzo. Mwaka wa 2001 serikali ya eneo hilo ikapiga marufuku kuupanda kabisa, na mpaka leo hakuna binadamu aliyefika kileleni.

Mwaka wa 2001! Mwaka ule ule waliochukua jina la riwaya. Watu hao hao walikubali jina lao liuzwe, lakini kilele cha mlima wakakataa. Kwangu mimi hapo ndipo utamaduni wao unaonekana vizuri, kuliko kwenye kibao chochote cha "karibu paradiso". Wageni walipewa jina, picha, chai ya siagi na nafasi ya kusukuma gurudumu. Kileleni wakaambiwa hapana, na hiyo hapana imeheshimiwa.

Siku ukipata tiketi ya kwenda, nenda tu, doo yako itamsaidia mtu. Lakini ukifika, muulize mwenyeji mji wake unaitwaje kwa Kitibeti. Akikuambia Gyalthang, jaribu kulitamka.