Barua Mbili, Bahasha Moja

Kuna wakati niliporwa simu pale stejini, nikabaki na kabambe ya kubonyeza. Barua pepe zangu nilizisomea humo, maandishi tu, polepole. Siku moja ikaingia barua kutoka kwa watu niliowaomba kibarua cha kuandika. Nikaifungua mbio. Ndani kulikuwa na sentensi moja: programu yako haiwezi kuonyesha ujumbe huu. Siku tatu baadaye nikapata pesa ya saiba, nikaiona vizuri: nembo, rangi, na mwaliko wa mahojiano. Yalikuwa yamefanyika jana yake.

Hasira ikanipeleka kwenye historia.

Mwaka 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN kule Marekani, alituma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na la mashine. Kwa miaka kama ishirini hivi, barua pepe ilikuwa maandishi matupu. Lakini tusiililie sana enzi hiyo. Mfumo wa herufi uliotumika, ASCII, ulikuwa na nafasi 128 tu, zilizopangwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili chetu kilipenya kwa bahati, hata ng' ikapata alama yake. Aliyeandika kwa herufi za Kiarabu alifungiwa nje.

Juni 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakachapisha MIME, kanuni zilizoiwezesha barua kubeba picha, sauti na herufi za lugha nyingine. Humo waliweka kitu ambacho mimi nakiita adabu. Mtumaji anaweza kuweka ujumbe uleule kwa sura kadhaa ndani ya barua moja, nyepesi ikitangulia, yenye mapambo ikija mwisho. Programu ya mpokeaji huonyesha ile ya mwisho inayoiweza. Mwenye meno ale nyama, mgonjwa anywe mchuzi. Chungu ni kimoja.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, barua za HTML zilikuwa zinaenea, na matangazo nyuma yake. Picha nazo zikapewa kazi ya pili: simu yako ikiivuta picha kutoka kwa seva ya mtumaji, yeye anajua umefungua barua. Maandishi matupu hayana umbea huo. Si ajabu wauzaji hawayapendi.

Utaambiwa siku hizi karibu kila simu inasoma HTML, na kwamba programu zinazowasomea wasioona huisoma pia, mradi imepangwa vizuri. Ni kweli. Ndiyo maana wengi wameacha kutuma nakala ya maandishi, ama wanabandika sentensi kama ile yangu.

Mimi nasema itume, na uiandike mwenyewe. Uzito wake ni kilobaiti chache. Na ukilazimika kusema jambo lako bila rangi wala nembo, ndipo utajua kama una la kusema. Hao watu wangu walikuwa nalo, tena fupi: njoo Alhamisi, saa nne asubuhi.